Pumzi za Bibi wa Mbao

Kazi yetu ina amri moja: kisichotakiwa kusogea, usikiguse. Niliishika amri hiyo kwa miaka kumi na tisa katika studio ya filamu za vikaragosi mjini Łódź, na niliringa nayo, sikatai. Wenzangu walikuwa na viwiko vizembe. Waliinama kurekebisha sikio la paka, wakaangusha kinara cha mshumaa kwa tumbo, halafu wakalaumu tramu iliyopita barabarani. Mimi niliweza kupitisha mkono katikati ya vikombe vidogo kama kokwa za cheri, nikasogeza kidole cha kikaragosi kwa unene wa unywele mmoja, nikautoa mkono na hakuna kikombe kilichotikisika.

Vuli ya mwaka 1984 tulikuwa tunapiga filamu ya kutisha ya dakika tisa. Hadithi yake ni fupi. Bibi tajiri amefariki katika jumba lake la msituni, amelazwa jenezani sebuleni, na mjakazi wake ameachwa peke yake akeshe naye. Mjakazi anazitamani funguo zilizofungwa kiunoni mwa marehemu. Anamwendea polepole, kwa sekunde ishirini nzima, bila muziki wowote. Anazigusa zile funguo. Bibi anafungua jicho moja. Basi.

“Watu watakwambia waliliogopa lile jicho,” mwongozaji wetu, Bwana Wilczek, alituambia siku ya kwanza. “Waache waseme. Watakuwa wameshaogopa zamani, wakati bibi amelala na wao wanamkodolea macho kifuani. Kwa hiyo bibi asitikisike. Nataka maiti iliyotulia.”

“Maiti utaipata,” nikamjibu. “Mimi hunisumbua walio hai.”

Akacheka kwa pua. Hakuwa mtu mbaya, Wilczek, ila filamu ikishaanza alisahau kwamba watu wana kwao.

Kwa asiyeijua kazi hii, mambo yako hivi. Sekunde moja ya filamu ina picha ishirini na nne. Unaingia kwenye meza, unamsogeza kikaragosi kidogo sana, unarudi nyuma, na mwenye kamera anabonyeza kitufe mara mbili. Unaingia tena. Kwa hizo sekunde ishirini za mjakazi kwenda jenezani nilipaswa kuingia na kutoka mara mia mbili na arobaini, siku mbili nzima, chini ya taa zinazokausha mate. Kamera ilikuwa ya mzee Seweryn, ambaye alikuwa akibonyeza kitufe hicho tangu mimi niko shule. Sisi wawili tuliweza kukaa siku nzima tukasemezana maneno kumi, saba kati ya hayo yakiwa ya chai.

Mama yangu alifariki siku tano kabla hatujaanza kipande hicho.

Nilipanda treni hadi mji wa Sieradz, nikapanda basi, nikafika kijijini kwetu adhuhuri. Kioo cha chumbani kilikuwa kimefunikwa shuka na saa ya ukutani imesimamishwa. Mama alilala katika jeneza lililowekwa juu ya mabenchi mawili, amevaa gauni lake jeusi la kanisani na soksi mpya, rozari imezungushwa vidoleni. Kwetu mtu akifika humsalia marehemu, kisha humgusa miguu. Ukimgusa humwogopi tena, na yeye naye hana sababu ya kukutafuta. Majirani walikuwa wamepanga foleni. Tarishi aligusa, mwalimu wa shule akagusa, mke wa mwenye kinu akagusa na kumnyooshea soksi, kana kwamba ni za mwanawe anayekwenda komunyo ya kwanza.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na mikono nyuma.

Nimeitafuta sana sababu na sijapata nzuri. Nilikuwa nimetazama namna mshumaa ulivyommulika shavu, kivuli cha rozari, mkunjo wa gauni, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Mikono yangu ikaenda nyuma yenyewe, kama inavyokwenda kazini kila siku. Aliyelala pale ni mama yangu mzazi, na mimi nikachunga nisimharibie mkunjo wa nguo.

“Mguse, Otylia,” mama mdogo Pelagia akaninong'oneza. Ni mdogo wake mama, na hakuwahi kunipenda sana tangu nilipohamia mjini.

“Nitamgusa baadaye.”

“Baadaye lini? Wanakuja kufunika.”

“Mama mdogo, niache.”

Hakuniacha. Alisema kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia. “Tazameni mikono ya mjini. Inashinda ikipapasa midoli, mama yake mzazi inamwona najisi. Haya, usimguse. Atakufuata huko huko kwenye midoli yako.”

Wakafunika. Nilisikia misumari minne, nikatoka nje nikasimama karibu na banda la kuku mpaka ilipofika saa ya kwenda makaburini. Jumatatu asubuhi nilikuwa mezani kwangu, mikono imeoshwa, nikiwa na mkate wa mafuta ya nguruwe ambao sikuugusa.

Tulipiga kile kipande Jumatatu na Jumanne. Bibi wa mbao alikuwa amekazwa kwa skrubu kutoka chini ya jeneza, hawezi kusogea hata umpige teke. Kitani cheupe kilimfunika kutoka kifuani hadi miguuni, na funguo zililala juu yake. Mjakazi alikwenda vizuri. Nilijua amekwenda vizuri, kwa sababu mabega yaliniuma mahali panapostahili. Filamu ikapelekwa kusafishwa, na Alhamisi tukaingia chumba cha maonyesho: mimi, Bwana Wilczek, mama Kunegunda aliyewachonga vikaragosi wote, na mzee Seweryn, ambaye ndiye pia aliyeendesha projekta.

Mjakazi alitokea mlangoni. Alipiga hatua ya kwanza, na bibi jenezani akavuta pumzi.

Sizidishi neno. Kitani kifuani kilipanda, kikakaa kidogo, kikashuka. Mjakazi alipiga hatua nyingine na kifua kikapanda tena, kwa uvivu, kama cha mtu aliyelala mchana baada ya kula. Uso wa bibi haukuwa na habari. Mikono yake haikuwa na habari. Kitani tu ndicho kilichokuwa hai, na kilikuwa hai mpaka sekunde ya mwisho.

Mama Kunegunda akajipiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa nguvu, nikisikia sauti ya mama mdogo Pelagia kama yuko nyuma ya kisogo changu.

“Washa taa,” Bwana Wilczek akasema. Kisha akanigeukia. “Otylia, nilikuomba nini?”

“Sijamgusa.”

“Kitambaa kikiguswa, kwenye filamu kinachemka, kinacheza kama maji motoni. Mwanafunzi wa mwezi mmoja anajua hilo. Umekigusa.”

“Bwana Wilczek, miaka kumi na tisa umewahi kuniona nagusa kisichonihusu?”

“Labda mkono wa shati.”

Nilikubali labda ni mkono wa shati, maana jambo jingine lililokuwa kichwani mwangu halisemeki mbele ya watu waliokwenda shule.

Mara ya pili tulifanya kila kitu kama tunawinda mwizi. Nilikunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko na kuifunga kwa mpira. Nywele nilizifunga kwa kitambaa. Mlango tuliufunga kwa ufunguo, na Bwana Wilczek mwenyewe akabandika karatasi yenye sahihi yake, akaja kuibandua jioni na kuibandika tena asubuhi. Tramu tuliipigia hesabu, ingawa tramu ikitikisa hutikisa nyumba nzima na haichagui kifua cha mtu mmoja. Ndani tulibaki mimi na Seweryn.

Sitazisahau siku hizo mbili. Niliingia, nikasogeza, nikatoka, lakini safari hii kila nilipoinama nilihisi ninaangaliwa kutoka chini. Bibi alikuwa amefumba macho. Kope alizochonga mama Kunegunda zilikuwa na mstari mwembamba kati yake, kwa ajili ya lile jicho litakalofunguka, na ule mstari ndio ulionitoa jasho. Kufikia Jumatano mchana nilikuwa simwangalii usoni tena. Nilimwangalia mjakazi na mikono yake tu. Nikimaliza nilirudi nyuma haraka, na nilipofika karibu na kamera nilikuwa nimebana pumzi.

“Una homa?” Seweryn akaniuliza mara moja.

“Sina.”

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko desturi yake. Kisha akabonyeza, tap-tap, na mimi nikaingia tena.

Tuliporudi chumba cha maonyesho, bibi alipumua zaidi ya mwanzo. Safari hii hata miguu ilitikisika kidogo chini ya kitani, kama mtu anayetaka kujinyoosha.

Bwana Wilczek hakupiga kelele. Aliinuka, akatuongoza sote hadi kwenye meza ya kupigia, akamwambia mama Kunegunda, “Mfungue.”

“Nimfungue nini?”

“Hicho alicho nacho ndani. Pamba, manyoya, sijui umemjaza nini. Kinavimba kwa joto la taa.”

Mama Kunegunda alikuwa na miaka sitini na mdomo usiolipiwa kodi. Alitoa mkasi kwenye mfuko wa aproni, akakikata kitani kutoka kifuani kwenda chini, na ule mlio wa kitambaa kukatwa ulinipanda mgongoni. Akakifungua pande mbili. Chini yake palikuwa na ubao mweupe, mkavu, wenye alama za patasi, na skrubu mbili.

“Mapafu nilisahau kumtia, Bwana Wilczek,” akasema. “Tumbo pia hana. Ukitaka nimtie, niandikie karatasi.”

Bwana Wilczek aliweka kiganja chake juu ya ule ubao, akakiacha hapo, kisha akakiondoa na kukifuta kwenye suruali.

“Mgao wetu umebaki na mita kumi na mbili za filamu ya rangi,” aliniambia. “Kipande hiki kinakula tisa. Utapiga mara moja tena. Akipumua, filamu imekufa na mimi nitaeleza wakubwa kwa nini. Na wewe utaiacha meza, Otylia. Utakwenda stoo, upanguse vikaragosi wa zamani na kuwaandikia namba. Sikuonei. Kama mkono umechoka, umechoka.”

“Mkono wangu haujachoka.”

“Basi kuna nini? Niambie wewe.”

Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu amepanda basi hadi Sieradz, akapanda treni, ameingia studio bila kibali cha mlinzi? Nilisema nitapiga tena.

Stoo niliijua. Ilikuwa chumba cha chini kisicho na dirisha, na aliyekuwa akikaa humo ni mwanamke aliyekuwa bingwa wa kuchezesha vikaragosi wa farasi, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Tulikuwa tukimpelekea keki siku ya mtakatifu wa jina lake na kuondoka upesi. Mimi sikuwa na mume wala mtoto. Mama alikuwa amekwenda. Nilikuwa na meza ile, yenye urefu wa mita tatu na upana wa mbili, na watu waliponiuliza mimi ni nani niliweza kuwajibu kwa sababu yake. Usinihurumie, nilikuwa nimejichagulia. Lakini nilikuwa naogopa kuipoteza kuliko nilivyoogopa maiti yoyote.

Mama Kunegunda alishona kitani kipya. Ijumaa ya tarehe tisa Novemba, saa mbili asubuhi, nilifika nikiwa nimekata kucha hadi damu. Nilikuwa nimefikiri njia nzima ndani ya tramu. Kama ni mama, nitamwomba. Nilisimama mbele ya jeneza dogo, nikahakikisha Seweryn anahangaika na lenzi, nikasema kimoyomoyo: mama, nipe siku mbili tu. Unitese nyumbani, hapa niache nifanye kazi.

Taa zikawashwa. Niliingia, nikamweka mjakazi mlangoni, nikanyanyua kisigino chake cha kulia. Nikarudi nyuma, nikasubiri ile tap-tap.

Haikuja.

“Mbona hubonyezi?”

Seweryn hakuinua jicho kutoka kwenye kamera. “Nitaanzaje? Toa mkono kwanza.”

“Mkono gani? Niko hapa.”

“Hapa ulipo ni wapi?”

Nikatazama. Nilidhani nimeshafika kwenye kamera. Nilikuwa bado nimeinama pembeni mwa meza, mwili umegeukia mlango, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umebaki nyuma. Vidole viwili vilikuwa juu ya kitani, kwenye miguu ya bibi wa mbao. Havikubonyeza sana. Vilikuwa vimetulia pale, kama unavyomwekea mkono mgonjwa aliyelala usije ukamwamsha.

Niliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Nilitaka kuuondoa na ukachelewa kuondoka.

“Kila mara?” nikauliza.

“Kila mara. Unamsogeza msichana, unamgusa bibi miguu, unatoka. Mia mbili na arobaini wiki ya kwanza, na mia mbili na arobaini nyingine wiki iliyopita.” Aliinuka sasa, akajifuta uso kwa kofia. “Ukivuta kitani miguuni, kinavutika kifuani. Wewe unalijua hilo kuliko mimi.”

“Wewe mzee una akili kweli? Umeniona siku nne nzima, ukanyamaza?”

“Mara ya kwanza nilidhani unakinyoosha.”

“Na mara ya pili?”

Alikaa kwenye kiti chake, na kile kiti kikalia. “Mara ya pili nilikuwa najua umetoka mazishini. Niliuona uso wako ulipokuwa ukifanya hivyo. Nilisema moyoni, huyu kuna mtu hakumgusa. Nikasema atamaliza mwenyewe, ataacha. Mimi baba yangu nilimgusa hadi shemeji akanivuta, na bado nilimwota mwaka mzima. Mtu anamwambiaje mwenzake jambo kama hilo, Otylia? Ningeanzia wapi?”

“Ungeanza na ‘toa mkono’.”

“Ndiyo nimeanza leo.”

“Na Wilczek alipokuuliza?”

“Nilimwambia sijaona kitu. Nimeishi miaka hamsini na nane katika nchi hii, kutoona kitu nimejifunza vizuri.”

Nilikasirika hadi masikio yakawaka, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Nilikuwa nimemwogopa mama yangu kwa wiki tatu. Nilimkimbia kwenye ngazi za nyumbani, nililala na taa, niliomba asinifuate. Kumbe yeye alikuwa ametulia makaburini pale alipowekwa, na aliyekuwa akimfuata mwenzake ni mimi, mara mia nne na themanini, kwa vidole viwili, mahali asipokuwepo.

Seweryn alisubiri. Kisha akasema kwa upole, “Tuzime taa, umguse huyu mara moja, ukiridhika tuanze.”

“Huyu ni ubao,” nikasema. “Nifunge mkono.”

Alitafuta kamba ya pamba tunayofungia nyaya, akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto kwenye mkanda wa aproni, mafundo mawili. Tukaanza.

Kumsogeza kikaragosi kwa mkono mmoja ni kama kumvisha mtoto koti kwa mkono mmoja. Niliuma ulimi. Nilitumia meno kushika waya, paji la uso kujiegemeza kwenye nguzo ya taa. Hadi saa sita nilikuwa nimeingia na kutoka mara thelathini na moja tu. Seweryn alinilisha mkate na tango la siki kwa mkono wake kwa sababu sikutaka afungue fundo, na tulipomaliza alinifuta kidevu.

Mkono ulikuwa unavuta. Mwanzoni nilidhani ni kamba imebana. Lakini ulikuwa ukivuta kwa zamu, pale tu nilipomaliza na mjakazi na kugeuka kutoka. Kifundo kilivutwa kushoto, kuelekea miguuni mwa bibi, na kamba ikakaza. Sasa kwa kuwa nilikuwa najua, niliusikia kila safari. Jioni kifundo kilikuwa na mstari mwekundu kote.

Jumamosi tuliomba ruhusa kwa mlinzi tukaingia sisi wawili tu. Mjakazi alikuwa amefika katikati ya chumba. Kila hatua ilimpeleka karibu zaidi na jeneza na mimi ikanipeleka pamoja naye, hadi nikawa nafanya kazi kiwiko kikiwa juu ya kifua cha bibi, nafasi ya vidole vitatu kati ya ngozi yangu na kitani. Ninasogeza. Ninabana pumzi. Ninatoka. Tap-tap. Nilianza kuhesabu kwa sauti, na Seweryn akahesabu pamoja nami.

Kwenye mia moja tisini na nne, fundo likafunguka.

Sikulisikia. Nilichosikia ni mkono kuwa mwepesi. Niligeuka kutoka, na nikahisi hewa ya joto ya taa kwenye vidole vya kushoto, na mahali fulani chini ya vidole hivyo kulikuwa na kitani.

“Otylia,” akasema Seweryn. Alisema hilo tu.

Nilisimama. Sikuweza kutazama chini, kwa sababu nikitazama bega lingefuata na bega likifuata tumekwisha. Mita za filamu zilizobaki hazikutosha kurudia. Mkono ulikuwa unaning'inia juu ya ile miguu na ulikuwa unataka kushuka. Nautaja hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ulitaka, na mimi pia nilitaka. Nilitamani kuliko meza, kuliko jina langu kwenye orodha ya mwisho wa filamu, kuweka vidole pale na kusema samahani.

“Uko umbali gani?” nikauliza.

“Kidole kimoja.”

“Nimemgusa?”

“Bado.”

Jasho lilikuwa linaniteremka puani. Nikawaza soksi zake mpya, ambazo sijui zilikuwa za rangi gani, maana chumba kilikuwa na giza na mimi nilikuwa natazama kivuli. Nikauinua mkono. Uliinuka polepole sana, kama wanavyoinuka vikaragosi wetu, kidogo, halafu kidogo tena. Ulipofika kifuani pangu niliukamata kwa mwingine na kutembea kinyumenyume hadi kwa Seweryn. Akaufunga upya, safari hii mafundo manne.

“Mia moja tisini na nne,” akasema.

“Mia moja tisini na nne,” nikajibu. Tap-tap.

Tulimaliza saa kumi na moja.

Jumatano iliyofuata tulikaa mahali petu palepale. Bwana Wilczek alikuwa ameshika sigara ambayo hakuiwasha. Projekta ikaanza kuguruma. Mjakazi alitokea mlangoni na kupiga hatua ya kwanza, na mimi nikakitazama kifua cha bibi.

Hakuna kilichotokea. Mjakazi akapiga hatua ya pili. Mshumaa ulikuwa ukiwaka, kivuli cha msichana kilikuwa kikipanda ukutani, na bibi alilala. Nilikaza macho kwenye mkunjo mmoja wa kitani, ule wa chini ya funguo, nikausubiri. Sekunde zilipita na ule mkunjo ulikaa kama ulivyokunjwa. Ndipo nikaanza kuogopa, woga ambao katika wiki zile zote sikuwahi kuuonja, kwa sababu nilielewa kwamba hata nikingoja mpaka mwaka kesho, aliyelala pale havuti pumzi.

Taa ziliwaka. Bwana Wilczek aliinuka, akaja hadi kwenye kiti changu, akaniinamia.

“Sasa amekufa,” akasema. “Asante, Otylia. Meza ni yako.”

Mama Kunegunda alinitazama vizuri. “Mbona unalia, wewe? Si umeshinda?”

“Amekufa, mama Kunegunda.”

“Si ndivyo ulivyotaka?”

“Ndivyo.”

Akanishika bega kidogo, akatoka na Bwana Wilczek, wakibishana kuhusu jicho. Mimi nilibaki. Seweryn alikuwa anazungusha filamu kuirudisha kwenye kopo lake, hana haraka.

“Mzee Seweryn, ile ya wiki ya pili umeitupa?”

“Iko hapa.”

“Niwekee.”

Alizima taa. Mjakazi akatokea mlangoni, na jenezani kitani kikapanda taratibu, kikakaa, kikashuka. Sasa nilijua kila mtikisiko ulikuwa nini. Vilikuwa vidole vyangu miguuni pake, vikija na kuondoka, mia mbili na arobaini. Alivuta pumzi tano. Kisha filamu ikaisha na ukuta ukawa mweupe.

“Tena?” Seweryn akauliza kutoka gizani.

“Tena,” nikasema.